Barafu Isiyouzwa

Siku ya tatu ya matanga ya Twaha nilipanda ngazi za nyumba yake hapo Kibokoni mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilifika juu nikakumbuka kwamba miwani nimeiacha barazani. Ngazi zenyewe ni za mawe, zimelika katikati, na zina kona moja isiyopata mwanga hata saa sita mchana. Kwa magoti niliyo nayo, kila daraja lina kesi yake. Chini wanaume walikuwa wamemaliza khitma, wanakusanya majuzuu na kuulizana nani atarudisha viti, na pilau lilikuwa likipakuliwa katika masinia ambayo sikuwa na hamu nayo. Nimechoka. Sisemi uchovu wa ngazi, huo nimeuzoea. Nimechoka kuzika watu ninaowajua kwa majina yao ya utotoni. Mwanaisha, bintiye Twaha, alinipigia simu kutoka huko juu, akasema, "Ami Shee, panda unywe chai, huko chini utashindwa na makelele." Basi nikapanda. Nikasimama mlangoni, nikapiga hodi, na kama ilivyo ada yangu tangu ujanani, nikatazama chini kuona kama mbwa anakuja. Nyumba ile haijapata kuwa na mbwa. Lakini uko mwaka mmoja niliosafiri na mbwa aliyeitwa Hodi, na tangu mwaka ule siwezi kulitamka neno hilo mlangoni pa mtu bila kutazama chini.

Tulikuwa vijana watatu. Twaha alikuwa mchora mabango. Nusu ya maduka ya Bondeni yalikuwa na maandishi ya mkono wake, na chumba chake, hiki hiki nilichokalishwa na Mwanaisha siku ya matanga, kilikuwa na mikebe ya rangi mpaka chini ya kitanda, ukilala unaamka kichwa kinauma. Mwakio alikuwa Mtaita, karani wa reli, amepewa chumba kimoja na jiko upande wa Ganjoni, na ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa na leseni ya gari. Mimi nilikuwa nikiuza vitambaa dukani kwa Mhindi, nikipima na kukata tangu asubuhi mpaka Magharibi. Jioni tulikutana kwa Mwakio, kwa sababu kwake hapakuwa na mama wala shangazi wa kuuliza tunatoka wapi. Mbwa alikuwa wake. Alimwokota angali mdogo pale Kibarani, ukingoni mwa jaa la taka, akamleta ndani ya kofia yake ya kazi. Jina lilijileta lenyewe: jirani akipiga hodi, mbwa huyo mlangoni, mkia unapiga ukuta, kana kwamba ameitwa yeye. Twaha na mimi tulikaa upande wa pili wa chumba. Mbwa mkavu hana neno, ndivyo tulivyofunzwa na maalimu chuoni. Mbwa mbichi ndiye balaa, kwa kuwa ute wake ukikugusa ni kuosha mara saba, na moja iwe kwa udongo. Mwakio alikuwa akimfuta mbwa wake pua kwa kitambaa kabla hatujaingia. Sikumbuki kama tulipata kumshukuru kwa hilo.

Mwaka ule, muda si mrefu baada ya Idi, Twaha alianza kujigonga kwenye milango. Halafu akachora bango la duka la viatu, na neno "viatu" likamwishia pembeni mwa ubao, herufi mbili zimebaki hewani. Mwenye duka alicheka, sisi tukacheka, Twaha hakucheka. Alikwenda hospitali peke yake bila kutwambia. Alitupasha habari tuko kwa Mwakio, tunakula mahamri na mbaazi, tena alikuwa akimega huku akisema, kama mtu anayeeleza habari za soko. "Ni presha ya mato," alisema. Twaha alilelewa na nyanyake, na hata alipokuwa mtu mzima hakusema macho, alisema mato. "Daktari yuwasema nimechelewa. Naona kama nachungulia tunduni, na tundu lenyewe linaziba. Yuwasema mwaka, pengine haufiki." Mwakio aliacha kula. Mimi niliuliza kama hakuna dawa, akasema iko ya kuchelewesha, siyo ya kurudisha. Kisha akasema, "Mimi nataka kuona barafu." Mwakio, ambaye akiingiwa na huzuni hufanya mzaha, akamwambia ateremke hapo kwa Bi Rukia, yuwauza za ukwaju na za ubuyu, achague. "Nataka ile isiyouzwa," Twaha akasema.

Hapo ndipo tulipojua kilichokuwa kikimkera. Kila hoteli mpya ya chai mjini ilitaka mlima ukutani, sijui kwa nini, pengine kwa sababu ya joto letu. Mlima mweusi, na juu yake theluji. Twaha aliichora theluji ile kwa miaka, akilipwa na kusifiwa, na hajapata kuiona. "Kuna nyeupe nyingi, Shee," aliniambia. "Nyeupe ya chokaa si ya maziwa, ya maziwa si ya ganda la yai. Ile ni ipi? Mimi nimekuwa nikibahatisha. Sitaki mato yangu yafunge kabla sijajua." Hakuomba kitu kingine chochote kwa mwaka ule wote. Wala hakulia mbele yetu. Alitaka ajue nyeupe ya mlimani ni ipi, basi, na Mwakio akasema kama ni hilo tu, litafanyika.

Ami yake Twaha alikuwa na tanuri la mkate Bondeni, na nyuma ya tanuri palikuwa na gari la kusambazia mkate lililozeeka, bodi ya bati, milango miwili nyuma. Tuliomba, akatupa kwa mwezi mmoja, kwa kuwa na yeye alikuwa ameshaambiwa habari za macho. Mwakio alichukua likizo yake yote ya mwaka. Tuling'oa rafu za upande mmoja tukaweka mbao na magodoro. Kwenye rafu za upande wa pili tulipanga masufuria, birika, jiko la mafuta taa, kikapu cha nazi na mbuzi ya kukunia. Dirisha dogo la nyuma tulilitundikia leso ya mamake Twaha. Ubavuni maandishi yalibaki yale yale, MKATE MOTO KILA SIKU, mkono wa Twaha mwenyewe wa siku za macho mazima, na jua likipiga bati, harufu ya mkate ilitoka kwenye mbao kana kwamba tanuri limewashwa. Siku ya kuondoka nilikuwa nikipakia maji uchochoroni, nikawasikia wanawake dirishani juu yangu. "Hawa wahama au wasafiri?" mmoja aliuliza. Mwenzake akajibu, "Watalii, mwanangu. Watalii wa ngano." Wakacheka. Kisha wakaona Mwakio anampandisha mbwa, na kicheko kikakatika. "Na mbwa pia?" Mamake Twaha ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini ambayo naisikia hata leo: "Muwacheni aende na anayemtaka. Akirudi hataona tofauti ya mbwa na paka."

Nyumba juu ya magurudumu, nilivyodhani mimi, ingekuwa raha. Kumbe ni chumba kimoja ambacho hakitulii. Tulilala watatu, mimi ukutani, Twaha katikati ili asianguke, Mwakio mlangoni, na mbwa chini kwenye gunia. Nilijifunza namna wenzangu wanavyokoroma, nani anaamka na kinyongo na nani haongei kabla ya chai. Twaha aliamka kabla yetu sote, akawa anajaribu macho yake: anafunga moja, anatazama maua ya leso dirishani, anafunga la pili. Nilikuwa nikimwona, nikijifanya nimelala. Mchana ilikuwa barabara na vumbi, na kila tulipopita sokoni watu walitupungia tusimame wanunue mkate. Mwakio mwanzo alisimama kuwaeleza. Baada ya siku chache alichoka, akawa anapunga mkono na kusema umekwisha. Tulikula wali wa nazi kando ya barabara katika baridi ambayo nazi inagandia kwenye sahani, na Twaha akasema hata mafuta ya nazi yanamcheka, yanageuka barafu mbele yake.

Mlima wa kwanza ulikuwa Nyandarua. Hauna theluji, lakini tuliambiwa kukitakata, ukiwa juu kule, waweza kuuona Mlima Kenya ng'ambo. Langoni askari wa mbuga, mtu wa bara mwenye koti zito, alimuuliza Mwakio tumebeba nini. Mwakio alikuwa amefunikiza mbwa kwa blanketi na anatoka jasho katika baridi ile. Akasema vyombo vya kupikia tu. Twaha, aliyekuwa nyuma na hakuona ishara anazopewa, akataka kusaidia. "Na mbuzi," akasema. Askari akasema mbuzi haruhusiwi. Twaha akamwambia hatuwezi kumwacha, tutakula nini jioni? Askari akauliza kama tumekusudia kumchinja ndani ya mbuga. "Kumchinja vipi," Twaha akasema, "nitamkalia." Mimi nilikuwa nimeshaelewa, lakini kicheko kilinibana nisiweze kusema. Askari akafungua milango ya nyuma atafute mnyama, na akampata, ila si mbuzi: Hodi aliibuka kutoka kwenye blanketi akamlamba mkono. Tulimwonyesha ile mbuzi, kigoda na ulimi wake wa chuma, tukamwonyesha na nazi. Alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha akatugeuza, kwa adabu, kwa sababu ya mbwa. Mwakio alisema abaki nje na mbwa wake, Twaha akakataa, akasema tumekuja watatu. Lakini kule barabarani, tukiteremka, hakuna aliyecheka tena. Mwakio alisema bila kumtazama mtu, "Lango la pili atabaki mmoja. Hili si la kubishana."

Na huyo mmoja nilikuwa mimi, lilikuwa jambo lililo wazi. Mwakio ndiye dereva. Twaha ndiye mwenye haja. Tulifika chini ya Mlima Kenya alasiri, wingu limekaa chini kabisa, ungeapa hakuna mlima hapo. Asubuhi lango lilipofunguliwa kulikuwa bado na ukungu mzito, nao wakataka kuwahi, kwa kuwa tulisikia kwamba mlima hujionyesha asubuhi tu. Nikashuka na mbwa na blanketi. Twaha alitoa kichwa dirishani akanitafuta upande usio wangu. "Shee, uwapi? Nitakuletea," akasema. Nikamwambia nenda. Gari la mkate likaingia msituni likapotea, nami nikabaki na Hodi, kamba mkononi, mtu wa Kibokoni ambaye hajapata kushika mbwa.

Mbele kidogo ya lango palikuwa na hoteli ya mbao ya mama mmoja aliyeitwa Mama Wairimu. "Wewe kijana wa Mombasa, kuja ndani, utakufa na baridi," alisema. "Hiyo mbwa yako inasikia njaa." Kiswahili chake kilinifurahisha na kunipa upweke kwa pamoja. Nilikaa nje kwenye benchi kwa ajili ya mbwa, akaniletea chai ya maziwa na kipande cha nduma, majimbi ya huko. Ndani wateja walizungumza Kikuyu nisichokielewa, na kila mmoja aliyefika alipiga hodi mlangoni, na kila wakipiga, mbwa anakurupuka na kuniburura. Mlimani hakuna mbwa mkavu. Alikuwa amelowa umande mpaka masikioni. Alipochoka kuitikia hodi za watu alinijia, akaweka kidevu chake chote, na ute wake wote, juu ya goti langu, akafumba macho. Nikaketi vile, sijui nifanye nini. Alikuwa na joto. Nilimwacha mpaka goti likapata moto, kisha nikaomba maji, nikaenda nyuma ya hoteli kuosha, suruali na mkono, mara ya kwanza kwa tope la pale pale, nikihesabu. Maji yalikuwa yakiuma mifupa. Nilikuwa nimeinama naosha mara ya mwisho niliposikia Mama Wairimu akisema kwa utulivu, kama mtu anayekuonyesha jirani yake anapita, "Hiyo ndiyo hiyo. Angalia."

Niliinua uso. Ukungu ulikuwa umeondoka upande mmoja wa mbingu, na mlima ulikuwa pale pale, karibu kuliko nilivyodhani, juu kuliko nilivyokuwa nikitazama. Nilisimama na mikono inatona maji. Nilitazama mpaka chai ikapoa juu ya benchi. Niliwaza kwamba na wao sasa wanauona, na nikamshukuru Mungu kwa sauti, na nikamwambia mbwa pia. Kisha wingu likapanda likafunga, na kutwa nzima halikufunguka tena.

Walirudi alasiri. Nilijua hawakuuona kabla gari halijasimama, kwa namna lilivyokuwa likija, pole pole bila honi. Mwakio alishuka, akanitikisia kichwa, akachukua kamba ya mbwa mkononi mwangu akaenda zake hotelini kutafuta chakula. Twaha alikaa nyuma, milango wazi, miguu inaning'inia. "Miti, Shee," alisema. "Miti na mianzi, halafu ukungu, halafu mvua, halafu gari likakwama. Tumengoja. Hakuna kitu." Likizo ya Mwakio ilikuwa inakwisha, mafuta ya kurudi ndiyo hayo, na tundu la macho yake, alisema, asubuhi ile lilikuwa limepungua tena, alikuwa akiuona usukani bila kumwona dereva. Kisha akauliza, kwa mazoea tu, "Nawe umeshinda na mbwa. Umeona nini?" Ningeweza kusema sikuona kitu. Nadhani ilikuwa rahisi zaidi. Lakini uso wangu hakuweza kuusoma vizuri, na sauti yangu aliijua tangu chuoni, na nilipochelewa kujibu alijua. Alikuwa na hasira, niliiona shingoni, na sijui ni hasira kwangu au kwa nani. Mwishowe akajisogeza, akanipa nafasi nikae karibu naye. "Nambie," akasema. "Polepole. Usiruke kitu."

Nikamwambia. Mimi si mtu wa rangi, mimi ni muuza vitambaa, nikatumia nilichokuwa nacho. Nilimwambia mwanzo nilidhani ni wingu lililokataa kuondoka na wenzake, halafu jua likapiga, nikaona wingu lina kona. Akauliza nyeupe vipi. Nikamwambia siyo ya chokaa. Ni nyeupe ya bafta, jora linapofunguliwa mara ya kwanza juu ya kaunta, kabla mkono wa mteja haujaigusa. Na kwenye mikunjo pana buluu kidogo, ile ya nili ya kufulia, mama akizidisha kwenye kanzu ya Idi. Akauliza jiwe lina rangi gani, theluji imekaa vipi juu ya jiwe, imemwagika au imekunjwa. Nikamwambia imekunjwa, na pembeni imetoka nyuzi. Alikuwa amefumba macho. Tulikaa hapo mpaka Mwakio akarudi na viazi vya moto kwenye gazeti, na kabla hajafika Twaha alinishika mkono, ule niliouosha kwa tope. "Haya maneno umempa mtu mwingine?" Nikasema nimpe nani. "Basi nipe mimi," alisema. "Usimpe mtu tena. Yawe yangu."

Nikampa. Mwaka haukufika mwisho tundu likaziba. Ubao wake wa mwisho niliushika mimi wakati akiupaka, na ulikuwa mlima, wa hoteli moja ya Bondeni, na mikunjoni mwa theluji aliweka buluu. Mwenye hoteli alilalamika kuwa buluu imetoka wapi. Mwakio alihamishwa na reli mwaka uliofuata, akaondoka na mbwa wake, na Hodi alifia nyumbani kwao Mwakio, Wundanyi, mzee, mbele ya mlango. Gari la mkate lilikatwa vyuma. Mimi niliendelea kupima vitambaa mpaka macho yangu nayo yakataka miwani, na watu waliponiuliza habari za safari ile niliwaambia nilibaki langoni na mbwa, ambayo ni kweli. Nilikuwa nasikia kwamba Twaha huwasimulia watu mlima barazani. Mimi nikifika alikuwa akibadilisha mazungumzo. Mwakio, aliyejua fika kwamba huko juu waliona mianzi, hakufungua mdomo. Akinyamaza Mwakio amenyamaza. Nilipompigia simu kumpa habari za msiba aliuliza tumemzika saa ngapi, nikamwambia. Kisha akasema, "Nani amebaki wa kumfuta mbwa pua?" Nikamwambia alale, na yeye amechoka.

Mwanaisha aliniwekea chai ya tangawizi na vipande vya mkate wa sinia juu ya kigoda. Ni binti aliyezaliwa baada ya macho kufunga. Babake alimjua kwa mkono na kwa hatua zake kwenye ngazi. Mikebe ya rangi haipo tena, lakini harufu bado imo mbaoni, au ni mimi naileta. Alikaa mbele yangu, amejifunga leso nyeusi, macho yamevimba, akasema alitaka kunieleza jambo, lisije likampotea kwa kuwa watu ni wengi na usingizi hana. "Baba alikuwa akikuhurumia, ami," alisema. "Kila akitusimulia mlima alikuwa akisema, masikini Shee, alibaki chini na mbwa kwa ajili yangu, hakuona kitu. Usiku ule wa mwisho alinambia, mwite ami yako, msimulie, hajapata kusimuliwa." Akavuta pumzi. "Alisema mwanzo alidhani ni wingu lililokataa kuondoka na wenzake. Halafu jua likapiga, akaona wingu lina kona. Nyeupe yake siyo ya chokaa, ami. Ni ya bafta, jora linapofunguliwa mara ya kwanza..." Akasita, akanitazama. "Wewe hizi bafta wazijua, ulikuwa ukiuza. Nisikuchoshe?"

Juzi yake nilikuwa nimeshika ncha moja ya bafta ile tulipokuwa tukimkafini, tukimfunga sanda. Niliweka kikombe chini, nikavua miwani, nikafumba macho.

"Nambie, mwanangu," nikasema. "Polepole. Usiruke kitu."